Misitu ya Vijiji na ya Watu Binafsi: Majibu kwa Wanaosema Serikali Isiguse Mfuko Wake

Zaidi ya nusu ya misitu ya Tanzania Bara iko kwenye ardhi za vijiji na za watu binafsi. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, maarufu kama NAFORMA, ilitoa ripoti yake mwaka 2015 na kuonyesha kwamba nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu. Karibu asilimia 46 ya eneo hilo iko kwenye ardhi za vijiji, na asilimia 7 hivi ni mali ya watu binafsi na kampuni. Hifadhi za serikali kuu, ambazo ndizo zenye askari, magari na bajeti, ni kama theluthi moja tu.

Ukienda kwenye halmashauri nyingi utamkuta afisa misitu mmoja au wawili wanaotakiwa kuhudumia vijiji makumi kadhaa, pikipiki ikiwa na mafuta wiki hii na wiki ijayo haina. Kila inapotolewa hoja kwamba hali hiyo ibadilike, kwamba serikali iweke fedha na wataalamu kwenye misitu ya vijiji na mashamba ya miti ya wananchi, hutokea watu wenye majibu tayari. Wengine ni wasomi, wengine madiwani, wengine watu wa kawaida wanaouona msitu wenyewe kwa mbali tu. Madai yao nayajibu hapa moja baada ya jingine. Penye ukweli nitakubali, maana yapo yenye ukweli.

«Mwanakijiji ndiye mharibifu, atakuwaje mlinzi?»

Hili ndilo dai kongwe kuliko yote, na limetungiwa sera kwa miaka mingi tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Jibu lake lilipatikana Babati, mapema miaka ya 1990.

Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000 kwenye miinuko ya wilaya hiyo, umezungukwa na vijiji vinane. Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hifadhi. Wapimaji wakaja, mipaka ikaanza kuchorwa. Watu walipoona msitu wanaoutegemea kwa kuni, dawa na malisho unakwenda kuwa wa serikali, walianza kukata haraka wachukue chao kabla mlango haujafungwa. Yaani hatua ya kuulinda ndiyo iliyoongeza uharibifu. Maafisa misitu wa wakati ule, wakishauriwa na mtaalamu wa masuala ya ardhi Liz Wily, walifanya jambo ambalo hadi leo nawaheshimu kwalo: walisimamisha mpango wao, wakakaa na vijiji na kuuliza, ninyi mtaulindaje? Vijiji vikagawana msitu kwa mipaka yao ya jadi, vikachagua vijana wa doria, vikatunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha katikati ya miaka ya 1990. Msitu ambao serikali ilikuwa imeshindwa kuulinda kwa walinzi wake wachache ukapona. Mfano huo, pamoja na ule wa Mgori mkoani Singida, ndio uliofungua njia ya Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Ukiona Babati ni kisa kimoja tu, upo utafiti mpana zaidi. Mwaka 2008 jarida la Oryx lilichapisha kazi ya Tom Blomley na wenzake iliyolinganisha misitu ya Tanzania inayosimamiwa na jamii, au na jamii kwa kushirikiana na serikali, na misitu isiyo na utaratibu huo. Ile yenye ushiriki wa jamii ilikuwa katika hali bora au inayoelekea kuwa bora.

Na upande wa pili? Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na malori kuanza kuvuka Rufiji kirahisi, mbao za kusini zilimiminika kwenda bandarini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali kuu na halmashauri zingepaswa kukusanya kutokana na mbao hizo yalipotea, na kwamba takwimu za China zilionyesha kupokea mbao za Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza. Maeneo mengi yaliyokatwa hayakuwa yamekabidhiwa kwa kijiji chochote kwa mujibu wa sheria. Leseni na mageti vyote vilikuwa mikononi mwa maofisa.

Sisemi kila kijiji ni Duru-Haitemba. Kuna vijiji vilivyogawa msitu wao kwa wageni wa ufuta kwa bei ya kutupa, na Lindi wanalijua hilo vizuri. Lakini mara nyingi msitu unaogawiwa hivyo haujapimwa wala kutangazwa kuwa hifadhi ya kijiji, hauna sheria ndogo, na mwenyekiti akipokea bahasha hakuna kifungu cha kumshtakia. Ukosefu wa ulinzi wa kisheria ndio tatizo, na ulinzi huo kijiji hakiwezi kujipa peke yake.

«Msitu ni wao, gharama ni zao»

Wanaosema hivi nawaomba waorodheshe gharama zenyewe. Kijiji kinachotaka kutangaza msitu wa hifadhi kinahitaji kwanza kumaliza ugomvi wa mipaka na majirani, kisha cheti cha ardhi ya kijiji, kisha mpango wa matumizi bora ya ardhi. Baada ya hapo tathmini ya msitu: watu wanaingia porini na tepu na GPS, wanapima vipenyo vya miti, wanaorodhesha aina, wanakokotoa kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuumiza. Ndipo unaandikwa mpango wa usimamizi, zinatungwa sheria ndogo, vyote vinapitia mkutano mkuu wa kijiji, kata, hadi baraza la madiwani. Karibu kila hatua inadai mtaalamu kutoka wilayani, na mtaalamu anadai posho, gari na mafuta. Hakuna kijiji cha wakulima wa jembe la mkono kinachoweza kulipa haya yote kabla msitu haujaingiza hata shilingi.

Hapa niseme jambo ambalo wataalamu wenyewe hawapendi kulisikia. Sehemu ya gharama hizo tumezitengeneza wenyewe kwa kudai tathmini za kisomi mno. Mtafiti Jens Friis Lund ameandika kwa ukali kuhusu namna utaalamu uliozidi kipimo unavyogeuka kizuizi, na nakubaliana naye. Mpango wa kurasa mia moja ambao hakuna mjumbe wa kamati anayeweza kuusoma haulindi mti. Kwa hiyo msaada mmojawapo wa serikali unaweza kuwa kurahisisha masharti, na huo haugharimu kitu.

Halafu tuulize nani anafaidi. Maji ya Dar es Salaam yanatoka Ruvu, na Ruvu inalishwa na Milima ya Uluguru. Tanga inakunywa maji ya mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Umeme wa Mtera, Kidatu na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 unategemea mito inayoanzia nyanda za juu, ambako misitu ya serikali imepakana na misitu ya vijiji na mashamba ya watu. Kijiji kinachozuia watu wake kulima ukingo wa chemchemi hakitumi ankara mjini. Palifanyika jaribio huko Kibungo, Uluguru, chini ya mashirika ya CARE na WWF, ambapo watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam walichangia malipo kwa wakulima waliopanda miti na kuchimba matuta kwenye mashamba yao. Jaribio lilikuwa dogo, lakini lilionyesha kwamba jambo hili linapangika. Costa Rica walilipeleka mbali zaidi: tangu sheria yao ya misitu ya mwaka 1996, sehemu ya kodi ya mafuta ya magari inalipa wenye misitu binafsi kwa huduma ambayo misitu yao inaipa nchi. Hakuna anayeita malipo yale sadaka.

«Fedha zitaliwa na viongozi wa kijiji»

Zinaweza kuliwa. Zimewahi kuliwa. Tafiti kadhaa za Milima ya Tao la Mashariki zimeonyesha kwamba pale kamati inapokuwa ya watu walewale wenye uwezo, faida huelekea kwao na doria huachiwa maskini. Asiyekiri hili hajakaa kijijini.

Ila angalia Mfyome, kijiji cha wilaya ya Iringa ambacho Lund na mwenzake Thorsten Treue walikiandikia mwaka 2008. Baada ya kukabidhiwa msitu wake wa miombo, kijiji kilianza kutoza ada kwa mkaa, kuni na mazao mengine na kupata mapato halisi ya kijiji, na uvunaji ukadhibitiwa kuliko zamani. Mapato hayo hayakumfikia kila mtu kwa usawa, na watafiti hawakuficha hilo. Lakini ni mapato yaliyoandikwa kwenye daftari, yakasomwa hadharani, na mtu akaweza kusimama kuuliza. Mrabaha unaolipwa getini kwa ofisa kutoka wilayani, mwanakijiji anauliza wapi?

Sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Vijiji vingi havifanyi hivyo, kwa sababu hakuna anayefuatilia. Mhasibu wa halmashauri akija mara moja kwa robo mwaka kukagua vitabu vya stakabadhi vya kamati ya maliasili, wizi unapungua. Ukaguzi huo ndio msaada tunaoudai. Anayesema fedha zitaliwa, kisha akakataa kumtuma mkaguzi, hataki kweli zisiliwe.

«Ukivuna umeharibu, dawa ni kufunga msitu kabisa»

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wema wanaopenda miti wanapokosea, na kosa lao linagharimu misitu mingi.

Twende Kilosa tuone kazi yenyewe. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, walishirikiana na vijiji kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni kuchoma mkaa kwa utaratibu. Ndani ya msitu wa kijiji lilitengwa eneo la mkaa, likagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu huvunwa kwa kurukwa, kimoja kinakatwa na cha jirani kinaachwa, mfano wa ubao wa drafti. Kitalu kilichokatwa hakirudiwi hadi ipite miaka 24. Mchomaji haingii msituni na shoka na kuchagua apendapo. Anaonyeshwa kitalu chake, anaambiwa miti ipi ya mbao isiguswe, anakaa mbali na kingo za vijito, na anapokata anaacha kisiki kizima, kwa sababu miti ya miombo huchipua kisikini. Mizizi ya zamani iko hai ardhini, ina akiba ya chakula, hivyo chipukizi hukimbia juu kuliko mche wowote utakaopandwa kitaluni. Baada ya misimu michache ya mvua, mgeni akipita anaweza kudhani ni kichaka cha asili.

Kinachoua miombo ni shoka linalofuatwa na jembe. Visiki vinang'olewa, moto unapitishwa, mahindi au ufuta unapandwa miaka mitatu, mkulima anahamia mbele. Utafiti wa Nike Doggart na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulihitimisha kwamba kilimo ndicho chanzo kikuu cha kutoweka kwa misitu Tanzania. Sasa jiulize, mwanakijiji atazuiaje jirani yake kufyeka pori kwa ajili ya mahindi kama pori hilo halimwingizii chochote? Kilosa waliweza kusema hapana kwa sababu ada ya mkaa ilikuwa inajenga madarasa, inachimba visima na kulipa vijana wa doria. Mkaa wenyewe ulikuwa umewapa sababu ya kukataa mashamba mapya.

Kilwa ni hivyohivyo kwa mpingo. Shirika la mpingo la huko lilisaidia vijiji kupata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa mstari wa mbele. Ukitazama uvunaji wao utaona nyundo: kipande cha chuma chenye alama ya kijiji, kinapigwa kwenye gogo na kwenye kisiki chake. Gogo likikamatwa barabarani bila alama, ni la wizi. Likiwa na alama, unaweza kulifuata hadi lilikosimama. Mti wa mpingo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa kwa klarineti na obo, kwa hiyo kijiji kinavuna michache tu kwa mwaka, kwa bei inayolingana na thamani yake. Zamani mfanyabiashara alimpa kijana wa kijijini ujira wa siku na kuondoka na mti uliokua tangu enzi za babu yake.

Kuhusu kufunga, tumejaribu. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Bei ikaruka mjini, magunia yakasafiri usiku, na marufuku ikaondolewa baada ya majuma machache. Miaka mitatu baadaye Benki ya Dunia ilikadiria biashara ya mkaa nchini kuwa ya thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, karibu nusu ya mkaa wote ukiishia Dar es Salaam, na serikali ikipoteza takribani dola milioni 100 za mapato kila mwaka kwa sababu biashara iko gizani. Biashara kubwa kiasi hicho haifungwi kwa tangazo.

Sikatai kufunga pote. Misitu ya vyanzo vya maji milimani, yenye mimea na vyura wasiopatikana kwingine duniani, ibaki bila shoka. Lakini basi walipwe wanaoilinda. Usimamizi wa pamoja katika hifadhi za serikali umewafanya wanavijiji wengi kufanya doria kwa miaka mingi bila haki ya kuvuna na bila mkataba uliosainiwa wa kugawana mapato. Mtu anaweza kujitolea mwaka mmoja, miwili. Huwezi kujenga uhifadhi wa taifa juu ya kujitolea kwa mtu ambaye watoto wake hawana viatu.

«Gesi na majiko banifu yatamaliza tatizo»

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na naunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa jikoni unaua akina mama. Ila gesi haimzuii mkulima kufyeka pori, na msitu ambao mkaa wake umekosa mnunuzi utahitaji thamani nyingine ya kuusimamisha. Tukiwa na nishati safi peke yake, tutakuwa tumeokoa mapafu bila kuokoa miombo.

«Wakulima wa miti ni matajiri, hawahitaji kusaidiwa»

Anayesema hivi amewatazama wale watu wa mjini walionunua mamia ya ekari Njombe na Mufindi na kupanda misindano wakisubiri faida. Wapo, na katika vijiji vingine ardhi waliyochukua imewabana vijana wa pale. Kwa hao nakubali: wasipewe hata mche wa bure. Msaada wowote uwe na kikomo cha ukubwa wa shamba, na uanze na mkazi.

Lakini mkulima wa miti wa kawaida Makete, Ludewa au Kilolo ana ekari mbili tatu za milingoti au misindano kwenye mteremko usiofaa mahindi. Alinunua mbegu asiyoijua asili yake, akabananisha miche kwa sababu hakuna aliyemwambia nafasi sahihi, hakupogoa matawi. Mwaka wa nane mtoto anafaulu kwenda sekondari, anaitwa mnunuzi. Mashine ya dingdong inaletwa shambani, inapasua miti michanga na kuacha nusu yake ikiwa vumbi na mabanzi, na mzee anapata kiasi kidogo kuliko ambacho angepata kama angesubiri miaka kumi zaidi. Viwanda vya Mafinga, vinavyotegemea shamba la serikali la Sao Hill, vinahitaji pia miti ya wakulima hawa, lakini vinataka magogo manene na yaliyonyooka.

Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland na serikali yetu kuanzia mwaka 2014, ilionyesha jinsi ya kusaidia bila kugawa fedha mikononi: mbegu bora, mafunzo ya kupunguza na kupogoa, na vyama vya wakulima wa miti vinavyouza kwa pamoja. Vyama hivyo sasa vina umoja wao wa kitaifa. Jambo moja ambalo mkulima peke yake haliwezi kabisa ni moto. Msimu wa kiangazi moto kichaa ukitoka kwenye shamba la mtu anayetayarisha viazi, hautambui ekari ya tajiri wala ya maskini. Njia za kuzuia moto zinapaswa kufuata migongo ya vilima, kuvuka mashamba ya watu kumi na zaidi, na kusafishwa kila mwaka kwa pamoja. Hiyo ni kazi ya umma kama barabara ilivyo kazi ya umma, na halmashauri isiyoitengea fungu inakuwa imewaachia wakulima wake wajitegemee mbele ya moto.

«Wafadhili wapo, na hewa ukaa inakuja na mabilioni»

Norway iliahidi kroner milioni 500 kwa miaka mitano mwaka 2008 kwa ajili ya maandalizi ya kupunguza ukataji wa misitu. Denmark, Finland na Uswisi zimetoa miaka na miaka. Nashukuru. Karibu kila mfano mzuri niliotaja juu una alama ya mfadhili, na hiyo ndiyo hofu yangu. Mradi unafungwa, gari linarudishwa, mtaalamu anaondoka, na kijiji kinabaki na mpango wa usimamizi unaokwisha muda wake bila mtu wa kuuhuisha. Ofisi ya misitu ya wilaya ndiyo pekee itakayokuwepo baada ya miaka 24, kitalu cha Ihombwe kitakaporudiwa.

Biashara ya hewa ukaa ni jambo la kweli. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kutunza mapori yao, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimejenga kwa fedha hizo. Lakini Wahadzabe walipata kwanza hati ya kimila ya ardhi yao, mwaka 2011. Pasipo mipaka na hati, mkataba wa kaboni unamkuta mwanakijiji akiwa hana cha kusimamia, na bei yake inaamuliwa kwenye masoko ya mbali yanayopanda na kushuka. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022. Sasa vijiji vinahitaji mwanasheria wa halmashauri asome mikataba hiyo kabla mwenyekiti hajaweka saini.

«Sheria nzuri tayari ipo»

Ipo, na ni miongoni mwa bora Afrika. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji chenye msitu uliotangazwa kihalali kinaweza kuvuna kwa mpango wake bila kulipa mrabaha kwa serikali kuu, kikabaki na mapato yake yote, kikakamata mazao ya wizi na kutoza faini. Ndiyo maana iliuma sana mwaka 2019, kanuni za uvunaji zilizotoka kama Tangazo la Serikali Na. 417 zilipouingiza uvunaji wa misitu ya vijiji kwenye kamati za uvunaji za wilaya. Kijiji kilichokwisha kupitishiwa mpango wake kikajikuta kikisubiri kikao kingine ili kuvuna mali yake. Mnunuzi wa mbao hasubiri, akaenda kwa asiyefuata utaratibu. MJUMITA walilipinga hilo wazi, na walikuwa na haki. Msaada wa kwanza ambao serikali inaweza kuutoa kwa msitu wa kijiji ni kuacha kuchukua kwa kanuni kile ilichokitoa kwa sheria.

«Serikali haina fedha»

Sheria hiyohiyo ya 2002 iliunda Mfuko wa Misitu Tanzania, unaopata sehemu ya ada na mrabaha wa mazao ya misitu. Upo, unatoa ruzuku, na unaweza kuelekezwa zaidi kwa vijiji vinavyoanza: kupima mpaka, kulipia tathmini fupi, kununua nyundo na vitabu vya stakabadhi. Kijiji kikishaanza kuvuna kwa mpango, kinajilipia doria, kama Kilosa na Kilwa walivyoonyesha. Kwenye halmashauri kinachohitajika ni afisa misitu mwenye pikipiki na mafuta ya mwaka mzima, mkaguzi wa vitabu kila robo, na fungu la njia za moto kwa wilaya zenye mashamba ya miti. Sehemu ya ushuru ambao halmashauri yenyewe inakusanya kwenye mazao ya misitu ingelipia mengi ya hayo, kama isingemezwa yote na matumizi mengine.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio ya halmashauri yanapita kwa madiwani miezi kadhaa kabla. Diwani wa kata yenye msitu anapaswa kufungua kitabu cha makadirio, atafute kifungu cha maliasili, na aulize mbele ya kikao ni kiasi gani kimetengwa kwa misitu ya vijiji na kiasi gani kimekusanywa kutoka humo mwaka uliopita.